Mwaka huu acha niuseme

Nilishastaafu kuandika lakini 2025 hii moyo umejaa, acha niandike tu. Mwezi wa nne Mungu alimchukua mzee wangu, mume wangu. Huyu ndo alikuwa anasoma kila hadithi yangu kabla ya mhariri yeyote, anasoma kwa sauti pale barazani, akifika mahali mhusika anaongea kama kitabu ananyamaza kimya na mimi najua hapo pana kazi. Nikakaa eda, ile miezi 4 na siku 10, na nikiwa humo humo ndani tukasikia Mei 28 Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, kafariki Marekani, miaka 87, jamani nililia upya, sisi tulioandika kwa lugha zetu tulikuwa tunamtegemea sana yule mzee.

Lakini Tanga ina watu bwana. Wanawake wa hapa Ngamiani walipangana zamu bila kuniuliza, huyu uji, yule samaki wa kupaka, mwingine anakuja anakaa tu hata hatuongei, na huyo ndo alinisaidia kuliko wote. Halafu binti wa jirani, yuko chuo, akaomba madaftari yangu ya zamani maana macho yangu yana mtoto wa jicho, akawa anayachapa kwenye laptopu na jioni ananisomea mimi namsahihisha, yaani nikajikuta nataka kesho ifike.

Mashoga zangu nawapenda mno, Mungu awalipe. Na aliyeleta njugu mawe siku ya arobaini ajitokeze basi, sahani yako ninayo.