Nikiondoa Hasira, Kinabaki Nini?

Tangu uchaguzi mkuu wa Januari 2026 upite, mazungumzo ya nyumbani kwetu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni ya aina moja. Mume wangu huyaanza akinawa mikono kabla ya chakula, mimi huyamaliza watoto wakishalala. Tuhame au tubaki? Yeye ni mwalimu wa hisabati, anapenda jambo lipate jibu. Mimi nimekuwa nikimjibu kwa hasira, na leo nimekaa niandike ili nijue hasira hiyo inataka nini hasa.

Njia ipo. Mimi ni muuguzi mwenye diploma, wa wodi ya upasuaji, na kila muuguzi wa hapa anaijua njia ya Uingereza hata kama hajaipita: mtihani wa Kiingereza wa IELTS, alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, 6.5 katika kuandika. Barua ya uthibitisho kutoka baraza letu la wauguzi na wakunga. Mtihani wa kompyuta wa baraza lao. Halafu ukishafika kule, mtihani wa vitendo. Uganda imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, kwa hiyo waajiri wa Uingereza hawatakiwi kuja kutuchukua huku. Lakini mtu akiomba mwenyewe, hazuiwi. Wenzangu kadhaa wameomba. Mmoja yuko Leeds, hunitumia ujumbe wa sauti akitoka zamu ya usiku, na huwa hanifichi kitu: mshahara unatosha, baridi ni kali, watoto wanasoma bila ada, na hajapata jirani wa kumgongea mlango bila kupanga siku kwanza.

Sasa niseme yaliyonifikisha hapa.

Nilizaliwa 1991. Rais niliyemkuta, Yoweri Museveni, ndiye niliye naye hadi leo. Mwaka 2005 waliondoa ukomo wa mihula ya urais, nikiwa bado shuleni. Desemba 2017 wakaondoa ukomo wa umri wa miaka 75 kwa mgombea urais, nikiwa tayari kazini. Januari hii imetimia miaka arobaini tangu aingie madarakani, na siku mbili kabla ya kura intaneti ikazimwa, kama ilivyozimwa 2021. Katika wodi yetu hilo si jambo la siasa tu. Picha za eksirei huwa tunazituma kwa simu kwa daktari bingwa aliye Kampala, na siku zile hatukuwa na pa kuzituma. Kulikuwa na mzee aliyevunjika nyonga. Nilimshika mkono nikamwambia tusubiri kidogo. Hakuniuliza tunasubiri nini.

Lakini si kura iliyonichosha. Kilichonichosha kilitokea mwaka mmoja nyuma. Mwisho wa Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Nilisoma habari ile nikiwa nimesimama kwenye foleni ya benki na nikajisikia mwepesi siku nzima. Kizza Besigye, mpinzani wa siku nyingi wa rais, ambaye kabla ya kuwa mwanasiasa ni daktari, alikuwa amekamatwa Nairobi Novemba iliyotangulia, akaja kuonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Nikasema basi, hata mambo kama haya yana mwisho, majaji wamesema. Bunge likatunga sheria mpya ya jeshi, Juni ikasainiwa, na raia wakaweza tena kupelekwa mbele ya mahakama zilezile. Haikuchukua hata nusu mwaka. Kura ya mtu mmoja nilishazoea kuiona haina uzito. Kuona hukumu ya mahakama kubwa kuliko zote nayo haina uzito ndiko kulikonifanya nitafute fomu za kuhama.

Na hapo ndipo nilipoanza kujichunguza, kwa sababu niligundua kwamba sikuwa ninaitamani Uingereza. Nilikuwa nataka mtu fulani huko juu ajue kwamba nimeondoka. Nilitaka kuondoka kwangu kuwe pigo.

Kumpiga nani, sasa? Mganda aliye nje ya nchi hana pa kupigia kura huko aliko. Arudi kwenye kituo alichojiandikisha, la sivyo aikose. Kwa hiyo sisi wenye uchungu tukiondoka, tunaondoka na uchungu wetu, na daftari la wapiga kura linabaki na waliotulia. Halafu tukishafika tunaanza kutuma pesa. Fedha zinazotumwa nyumbani na Waganda walio nje hupita dola bilioni moja kwa mwaka. Zinalipa ada, zinaezeka nyumba, zinanunua dawa ambazo duka la dawa la hospitali ya serikali lingetakiwa kuwa nazo. Nisingeacha kutuma hata siku moja, mama yangu yuko hapa. Maana yake ni kwamba ningefanya kazi Leeds ili kuziba pengo la wale wale ninaosema nimewakimbia.

Wala serikali haifichi kwamba inalijua hilo. Wizara ya kazi inatoa leseni kwa kampuni zinazopeleka vijana wetu Saudia na Emirati kufanya kazi za ndani na za ulinzi. Mwaka 2014 na 2015 ulikuwapo mpango wa serikali wa kupeleka wahudumu wa afya zaidi ya mia mbili Trinidad na Tobago, madaktari bingwa wakiwemo, mpaka watu wakaenda mahakamani kuupinga. Nakumbuka tulivyoujadili kwenye chumba cha chai, wengine wakiulaani na wengine wakiuliza majina yanaandikishwa wapi. Serikali inayokufungulia njia ya kutokea haiwezi kuumia ukiipita.

Hili limenipa utulivu wa ajabu. Kama kuhama hakumwadhibu yeyote, basi nikihama nitahama kwa ajili yangu na watoto wangu, na hilo linapimwa kwa vipimo vingine kabisa.

Jumapili nilimpelekea bibi sukari na sabuni, nikamweleza. Bibi yangu alivuka kwenda Zaire, Kongo ya leo, 1981. Idi Amin, mtu wa huku kwetu, alikuwa ameshaanguka, askari wa serikali mpya walikuwa wanalipiza kisasi kwa mkoa wetu wote wa West Nile kana kwamba sote tulikuwa jeshini, na tarehe 24 Juni mwaka ule waliwaua makumi ya watu waliokuwa wamejificha katika misheni ya Ombaci, karibu kabisa na mji. Bibi aliondoka na sufuria moja na watoto. Mama yangu, binti mdogo wakati huo, alimbeba mdogo wake mgongoni hadi upande wa Aru, ng'ambo ya mpaka. Walirudi baada ya 1986.

Nilitegemea anikataze. Hakunikataza. Alisema, "Kule hatukuteswa. Tulilima shamba la watu, tukala. Lakini kila kitu tuliomba. Maji tuliomba. Mahali pa kuzika tuliomba." Akanyamaza akichambua maharage, kisha akauliza, "Wewe huko utaomba nini?"

Nimelifikiria swali lile tangu Jumapili. Nitaomba viza, na viza itafungwa kwenye mwajiri. Nitaomba kukaa, na serikali ya huko ilitangaza 2025 kwamba inataka mtu asubiri miaka kumi badala ya mitano kabla ya kupewa makazi ya kudumu. Nitaomba pia, kwa namna fulani, nisichukiwe. Agosti 2024, wakati wa vurugu dhidi ya wahamiaji, wauguzi wa Kifilipino walishambuliwa Sunderland wakiwa njiani kwenda hospitali walikoitwa kusaidia. Siwahukumu Waingereza wote kwa hilo, wengi wao walijitokeza barabarani kuwapinga wale wahuni. Ninachosema ni kwamba siasa za huko nazo zina watu wanaokasirika, na huko mimi ndiye ningekuwa wa kukasirikiwa.

"Lakini watoto wakisoma vizuri, nenda," bibi akamalizia. "Mimi sili siasa."

Kazini kuna dada mmoja kutoka Yei, Sudan Kusini, anayetutafsiria Kiarabu cha Juba, maana wagonjwa wengi hutoka makambi ya Rhino Camp na Imvepi. Aliposikia habari zangu alishangaa kweli. "Sista, unatoka nchi ambayo sisi tumeikimbilia?" Niliona aibu kwa muda. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na mkoa wetu, uliowahi kuwa mkoa wa wakimbizi wenyewe, umegawa ardhi yake ya kulima. Hilo ni jambo jema na ninajivunia. Lakini nilipofika nyumbani aibu iliisha. Mtu akikuambia ushukuru kwa sababu hulali na milio ya bunduki, amekupimia kwa vita, na kwa kipimo hicho mtawala yeyote atafaulu. Mama yangu anapiga kura kwa kipimo hicho. Ninamwelewa. Aliiona misheni ya Ombaci, na aliyaona makundi ya waasi yaliyokuja baadaye hadi yale makubaliano ya amani ya Yumbe ya 2002. Mimi nimekulia katika usingizi alioupigania, kwa hiyo nina haki ya kudai kinachofuata baada ya usingizi.

Kuhusu matumaini sina mengi, ila kuna mwaka mmoja siwezi kuufuta. Julai 2018 tulichagua wenyeviti wa LC1, yaani wa vijiji na mitaa, kwa kusimama mstari nyuma ya mgombea, baada ya miaka zaidi ya kumi na mitano bila kuwachagua, na kila mtu alimwona jirani yake amesimama wapi. Mwezi uliofuata ukaja uchaguzi mdogo wa mbunge wa manispaa ya Arua. Yasin Kawuma, dereva wa mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine, akapigwa risasi na kufa hapa mjini tarehe 13 Agosti, watu wakakamatwa, na mgombea Kassiano Wadri akafungiwa Gulu. Siku mbili baadaye mji huu ukaenda kupiga kura na kumchagua Wadri akiwa mahabusu. Nilikuwa kwenye foleni ile. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Kina mama walikuwa wamejifunga leso kiunoni kama wanaokwenda msibani, na walikuja. Sidai kwamba nchi ilibadilika, haikubadilika. Ninadai tu kwamba najua watu wa hapa wanaweza nini, na ujuzi huo hautanifaa kitu Leeds.

Nimebakiza jambo ambalo mume wangu tu analijua. Mwaka mmoja wa uchaguzi, sitaji upi, tuliletewa kijana mwenye jeraha la risasi pajani. Watu wawili wasiojitambulisha walikuja wodini wakasema kwenye faili iandikwe ajali ya boda. Walisema kwa upole, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Niliandika nilichokiona: tundu la kuingilia, tundu la kutokea, vipimo vyake. Daktari wa zamu alisoma, akanitazama, akaweka sahihi chini. Kijana yule alipona, na faili lake lipo.

Nikiondoa hasira, hicho ndicho kinachobaki mkononi mwangu. Sina chama na sina jukwaa, ila nina kalamu ya wodini, na ninajua kwamba mkuu wa zamu akiwa mwoga faili zote za usiku huo huwa za uoga. Nikiondoka nafasi yangu itajazwa. Labda na mtu jasiri kuliko mimi. Labda na msichana aliyetoka chuoni juzi, mwenye mkataba wa muda na mama mgonjwa, atakayeandika ajali ya boda kwa sababu hajawahi kumwona mtu yeyote akikataa. Wawili kama hao niko nao zamu mwezi huu. Nimeanza kuwafundisha kuandika maelezo ya jeraha kwa sentimita na kwa saa, kabla ya mtu yeyote kuingia wodini.

Kwa hiyo nimemwambia mume wangu kwamba mwaka huu siombi. Mtihani wa Kiingereza nitaufanya, cheti kikae. Nimemwambia pia kitakachonifanya niondoke, ili isionekane nimejifunga kwa kiapo: ikifika siku kalamu ile imetolewa mikononi mwangu, ama kwa amri ama kwa kutishiwa watoto, nitapanda basi la kwanza la Kampala na sitangoja uchaguzi mwingine uniambie. Yeye amesema kipimo chake ni kingine. Binti yetu mkubwa anaingia sekondari mwakani, na kama mishahara yetu miwili itashindwa kumweka shule nzuri, atataka tulifungue jambo hili upya. Nimekubali. Amelichukua daftari lake la hesabu na kuandika ada za shule tatu, mbili za hapa Arua na moja ya Gulu, na Desemba tutakaa nazo mezani.