Siku moja maishani mwangu: mkufunzi wa wauguzi, Mwanza

Saa 1:00 asubuhi. Nashuka daladala ya Buhongwa. Wanafunzi wa mwaka wa pili wameshafika wodini, sare zimenyooka kwa pasi. Salamu, halafu tunaingia kupokea zamu.

Saa 1:30. Kitanda cha pembeni yuko bibi wa Ukerewe, saratani ya shingo ya kizazi, imeshasambaa. Familia imeelezwa: kilichobaki ni kumtuliza.

Saa 3:00. Nawaingiza watatu nyuma ya pazia. Gusa nyayo: za baridi. Tazama kucha zilivyobadilika rangi. Pumzi zinakwenda mbio, zinafifia, zinasimama kabisa, halafu zinaanza upya. Pumzi iliposimama, kijana mmoja akarukia mtungi wa oksijeni. Nikamshika mkono: subiri, hesabu sekunde. Mkoromo ule si kukabwa, ni mate asiyoweza kumeza, mlaze ubavu. Midomo ilowanishwe kwa pamba. Mofini ya maji inatolewa kila baada ya saa 4, kidogo kidogo shavuni, hatungoji mpaka alie. Binti yake akauliza, "Sista, hamumleweshi mama?" Nikamjibu: tunamwondolea maumivu, na dozi tunaipima.

Saa 5:00, darasani. Hatua tano za kukikabili kifo za daktari Kübler-Ross, za mwaka 1969, wanazitaja kama tasbihi: kukana, hasira, kubembeleza, huzuni, kukubali. Kwenye mtihani sawa. Ila bibi yule jana asubuhi aliusia shamba ligawiwe nani, jioni akaulizia nauli ya kivuko. Napenda zaidi kuwasimulia Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, akaja kuwa daktari, akafungua hospisi (mahali pa kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's, London, mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya kiroho kwa pamoja.

Na huku kwetu hakuna anayeingia darasani bila kukijua kifo. Kuna aliyezaliwa kwenye nyumba iliyopoteza watu meli ya MV Bukoba ilipozama, 1996. Leo binti wa Ukara akataja kivuko cha MV Nyerere kilichozama Septemba 2018, kisha akanyamaza. Sikumchimba.

Saa 8:20 mchana. Bibi amefariki. Daktari amethibitisha. Kabla ya yote nauliza familia ni dini gani, maana Waislamu wataosha maiti yao wenyewe. Hawa ni Wakatoliki. Tunafumba macho, tunafunga kidevu kwa bandeji, tunanyoosha viungo, tunatoa mpira wa mkojo, tunamwosha, tunafunga lebo. "Bibi, tunakugeuza sasa," nasema. Wanafunzi wakatazamana. Tulipofika mgongoni, mmoja wao akasema, "Bibi, samahani, maji ya baridi."

Saa 10:00. Chai chumba cha wauguzi. Binti wa Ukara analia. Sisi tulifundishwa kwamba muuguzi halii. Mimi sifundishi hivyo. Alie hapa, anywe chai, arudi wodini.

Saa 12:00 jioni. Napanga zamu za kesho. Binti ameomba ahamishiwe wodi ya wazazi. Nimemkatalia, ila nimemweka na sista mkongwe kuliko wote. Aliyenitia wasiwasi ni yule kijana wa mtungi. Hajatamka neno tangu mchana, na chai hakugusa. Nitampigia usiku huu.