Ifakara hadi Mahenge kwa miguu, kuchangia dawa za kifafa: kumbukumbu ya wiki ya 11

Zimebaki wiki tano kabla ya mbio zetu. Njia ni ileile, mkoani Morogoro: Ifakara, Daraja la Magufuli, Lupiro, halafu mlima mpaka Mahenge mjini, kilomita 70 na ushei. Mradi umetokana na mpwa wetu mwenye kifafa, na Mahenge hatukuichagua kwa uzuri wa milima. Kifafa kule ni kingi kuliko kawaida. Daktari Louise Jilek-Aall wa Norwei alianzisha kliniki yake huko miaka ya 1960, na tafiti za baadaye zimekihusisha na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na nzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi.

Lengo la mchango tunalihesabu kwa vidonge kwanza, shilingi baadaye. Mtu mzima anayetumia fenobabitoni, dawa ya kifafa, miligramu 60 kila usiku, kwa vidonge vya miligramu 30, anamaliza vidonge 730 kwa mwaka. Kwa wagonjwa 20 ni 14,600. Kuna waliopendekeza tusaidie wagonjwa 80 kwa miezi mitatu, maana gharama ni ileile na picha inapendeza zaidi. Tumekataa. Dawa hii ikikatika ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu na mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka. Nusu msaada hapa ni hatari. Tena ni dawa inayodhibitiwa, kwa hiyo sisi hatuinunui wala hatuigusi: kliniki inatoa ankara, mweka hazina analipa, stakabadhi inawekwa kwenye grupu siku hiyohiyo.

Kuhusu ahadi za "mkifika nitatoa": huyeyuka. Ahadi ya shilingi 500 kwa kilomita ni 35,000 kwa njia nzima, na sasa tunaomba nusu ilipwe kabla ya siku yenyewe.

Jaribio la kilomita 42 limetufundisha kuliko wiki zote kumi zilizotangulia. Wakimbiaji wawili kati ya sita walivimba vidole, wakaumwa kichwa, wakatapika. Wenzao wakadhani ni kiu, wakawaongezea maji. Ilikuwa kinyume kabisa: walikuwa wamekunywa maji matupu zaidi ya lita moja kwa saa, chumvi ya damu ikapungua. Dalili hizo zikionekana, maji matupu yanasimamishwa, na mtu akianza kuchanganyikiwa ni hospitali moja kwa moja. Kanuni mpya ni mililita 500 hadi 700 kwa saa, kwa kufuata kiu, na chupa moja kati ya mbili iwe ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Pakiti moja, lita moja kamili. Ukiikoleza ili "ifanye kazi haraka" utaharisha, kwa sababu mchanganyiko mzito huvuta maji kuyaingiza tumboni.

Chakula: gramu 60 za wanga kwa saa, yaani ndizi mbivu mbili za wastani na tende mbili tatu. Chapati imeondolewa, mafuta yake hukaa tumboni mpaka mlimani.

Kuondoka ni saa 10 alfajiri. Ifakara iko takriban mita 250 juu ya usawa wa bahari na jua la bondeni linaanza kuuma kuanzia saa 4, hivyo Lupiro tuipite kabla ya saa 3. Bondeni mwendo ni dakika 8 na nusu kwa kilomita. Mlimani ni kupanda zaidi ya mita 700, na huko hakuna kukimbia: kutembea kwa hatua fupi, dakika 12 hadi 13. Aliyejaribu kukimbia mteremko mkali kwenye mazoezi alipata nafuu ya dakika nne tu, akalipa kwa mapaja siku tano.

Vumbi ni adui wa miguu. Hupenya kwenye kiatu, likachanganyika na jasho, likasaga ngozi kama msasa. Soksi mbili nyembamba, vaselini katikati ya vidole, soksi zibadilishwe kila kilomita 20. Gari la msaada lisitangulie mita chache mbele yetu kama wazoeavyo. Litangulie kilomita 2, lisimame, lisubiri. Pikipiki moja inabaki nyuma na begi la huduma ya kwanza.

Kilomita 3 za mwisho watatembea nasi wagonjwa watakaoruhusiwa na kliniki. Kila msindikizaji ajue: akianguka mtu, angalia saa, mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, usimshikilie, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Zikipita dakika 5, gari liondoke naye. Na mate yake hayaambukizi, asiogope mtu kumshika.

Kilichobaki ni barua za kuomba ruhusa. Mto Kilombero ndio mpaka wa wilaya, kwa hiyo zinatakiwa seti mbili, ya Kilombero na ya Ulanga, na nakala kwa polisi wa usalama barabarani pande zote. Ya Ulanga bado haijajibiwa.