Nilivyopata keisi ya kompyuta iliyo kimya bila kuvunja kibubu

Mimi naediti video za harusi, na kazi hii ni ya usiku kwasababu mchana uko ukumbini au unakimbizana na wateja. Ofisi sina, kompyuta ipo kona ya chumba tunacholala hapa Temeke. Miaka yote ilikuwa inaunguruma na hakuna aliyelalamika, ila mwaka jana tukapata mtoto, na kuanzia hapo nikibonyeza tu kurenda, yaani mashine ianze kutengeneza video iliyokamilika, dakika tano haziishi mtoto kashtuka na mama yake kaamka naye. Siku moja akaniambia taratibu tu, baba, hii mashine ihame au sisi tuhame. Hakuwa na hasira, alikuwa kachoka, na hilo ndo liliniuma zaidi.

Basi nikaanza kutafuta keisi, yaani lile kasha lote ambalo mtaani wengi tunaliita CPU wakati CPU yenyewe ni prosesa iliyomo ndani, ile chipu inayopiga hesabu zote. Yangu ilikuwa ya bati jembamba, imekuja na mashine toka zamani. Nikajipanga na hela nikaenda Kariakoo, nikarudi na keisi mpya ya 130,000, kioo mbele, kioo ubavuni, feni tatu zenye taa za rangi. Nikahamishia vitu usiku uleule. Aisee ikawa na kelele kuliko ya mwanzo!

Sababu nilikuja kuzielewa baadaye na nazieleza hapa maana najua kuna mtu yupo njiani kwenda kununua hiyohiyo. Kwanza zile feni zilikuwa zinachomekwa moja kwa moja kwenye waya wa pawa saplai, lile boksi linaloipa mashine umeme, kwa ile plagi kubwa ya matundu manne, kwahiyo zinapata volti 12 muda wote na zinazunguka mwisho wa uwezo wao hata kama umefungua ukurasa wa kuandika tu, madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vitu vyote, haina namna ya kuziambia zipunguze. Pili kile kioo cha mbele. Hewa ilikuwa inaingia kwenye upenyo wa pembeni ambao kidole changu kilikuwa kinapita kwa kubana, feni tatu zinavuta kwa nguvu zote hapo na zinapiga mluzi. Nilikata kipande cha tishu nikakishikilia mbele, hakikunata kabisa, nikakisogeza kwenye ule upenyo kikavutwa. Joto la prosesa nalo likapanda, ikawa inagusa nyuzi 88 nikirenda.

Dukani wakagoma kuirudisha, nikamuuzia kijana mmoja wa mtaani aliyekuwa anapenda zile taa, kwa laki moja. Elfu thelathini ikaenda hivo.

Kuna fundi tunafahamiana, nikamweleza, akaniambia kaka, wewe unanunua dawa hujapima ugonjwa, kwanza jua humo ndani nani anapiga kelele. Kweli bwana, nilikuwa sijawahi kujiuliza. Nikarudisha vitu kwenye keisi ya zamani, nikasubiri saa saba usiku mtaa umetulia, nikafungua ubavu na kuanza kuchomoa feni moja moja, nazima, nachomoa, nawasha nasikiliza dakika mbili, nazima tena. Feni ya prosesa sikuigusa maana hiyo huwezi kuichomoa ukaiacha. Nikagundua ule muungurumo wa kila siku, ile mmmmmm nzito inayoingia mpaka kwenye godoro, haukuwa feni kabisa! Ilikuwa ni "hadi diski" (hard disk), ile inayohifadhi mafaili. Inazunguka mara 7,200 kwa dakika, ambayo ni mara 120 kwa sekunde, na ilikuwa imekazwa skrubu kwenye bati jembamba, bati likawa linaimba nayo. Nilivyoweka kiganja ubavuni mwa keisi nikabonyeza kidogo, ule mlio ukapungua palepale, nikiachia unarudi. Nilifanya hivo kama mara kumi nikiwa siamini.

Kelele nyingine ilikuwa feni ndogo ya nyuma ya milimita 80 ambayo ilikuwa inapiga kama nyuki. Feni ndogo lazima izunguke haraka sana ndo ipitishe hewa ya kutosha, feni ya 120 au 140 inapitisha hewa ileile ikiwa inazunguka polepole, ndo maana keisi inayokubali feni kubwa ina faida kabla hata hujaangalia kingine. Na hesabu ya sauti haiendi kama hesabu ya sokoni, feni mbili zinazofanana zinaongeza kama desibeli 3 tu juu ya feni moja, kwahiyo bora tatu za mwendo wa kinyonga kuliko moja inayokimbia.

Sasa kuna hizi keisi zinazouzwa kwa jina la ukimya, Fractal Design wa Sweden wana zile Define, be quiet! wa Ujerumani nao wana zao, zimefungwa mbele na zimebandikwa sponji nzito ndani ya kuta. Ni nzuri, sizisemi vibaya, na nilizitamani sana mpaka nilipopiga hesabu ya kuagiza. Ila hata ningekuwa na hela, sidhani kama chumba changu kingezitendea haki. Angalia hivi, prosesa inapanda juu ya joto la chumba. Tuseme ikifanya kazi inazidi chumba kwa nyuzi 50, kwenye chumba cha nyuzi 20 itasoma 70 na feni zinatulia, kwangu mwezi wa pili usiku madirisha yamefungwa sababu ya mbu chumba kinasoma 30, kwahiyo ni 80 tayari. Ukiziba na mbele, feni zinakimbia kufidia, na sponji haiwezi kuficha feni inayokimbia. Kwa joto letu la Dar keisi iliyo kimya ni ile inayopumua, mimi ndo nilipofikia hapo na sijaona cha kunibadilisha mawazo.

Kwahiyo safari ya pili nilienda nikiwa na karatasi mfukoni. Madabodi yangu ni ya saizi inayoitwa micro-ATX, sentimita 24.4 kwa 24.4, grafiki kadi, ile kadi ya kushughulikia picha, nilipima kwa rula ikawa sentimita 24 na kitu, kipoozeo cha prosesa kina urefu wa sentimita 15 na nusu. Hicho cha mwisho usikisahau, kuna keisi nyembamba ubavu haufungi. Nikaamua sitaki taa, sitaki kioo mbele, nataka wavu wa chuma mbele wenye matundu madogo mengi, na nafasi ya feni mbili za 140. Na kila keisi niliyoshika niliigonga ubavu kwa kidole kama mtu anavyogonga tikiti sokoni. Nyingi zinalia kama debe. Hizo niliziacha hata kama bei ilikuwa 60,000. Nilikuwa nachungulia na unene wa bati pale linapokunjwa, ukiona linayumba ukilishika pembe moja, achana nalo. Wengine watakwambia chukua keisi za ofisi, zile mtumba za kampuni kubwa, na kweli zina bati imara na zipo kimya, shida ni kwamba nyingi zimetengenezwa kwa madabodi yake na pawa saplai yake tu, ya kwako haikai.

Niliipata kwa jamaa anayeuza vitu yuzidi, nyeusi, wavu mbele, bati zito, haina feni hata moja na imechubuka juu. Alianza na 120,000 tukamaliza kwa 85,000. Nikaongeza feni tatu mpya zisizo na taa, mbili za 140 mbele na moja ya 120 nyuma, zote za pini 4 ili madabodi iziendeshe, jumla 96,000. Ukijumlisha na ile thelathini iliyopotea nimetumia 211,000. Kwangu ni hela nyingi ila ni chini ya nusu ya nilichoambiwa kuagiza moja ya zile za sponji.

Hadi diski sikuikaza skrubu. Nilienda kwa fundi baiskeli nikaomba tyubu mbovu, nikakata vipande virefu, nikavifunga mle kwenye nafasi ya diski vikapita kama machela, diski ikalala juu yake haigusi bati popote. Niliiweka mbele ya feni ipate upepo, na siihamishi mashine bila kuitoa kwanza. Chini ya keisi nikabandika vipande vinne vya kandambili kuukuu maana sakafu ni vigae na vigae vinapokea mtetemo vizuri sana. Usiiweke juu ya zulia wala mkeka kama pawa saplai inavutia hewa chini, utaiziba pua.

Halafu nikaingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya madabodi inayofunguka kabla ya Windows, nikaweka feni za mbele zizunguke mara 650 kwa dakika mpaka prosesa ifike nyuzi 65, hapo ndo zianze kupanda kidogokidogo. Hiki kidogokidogo kina maana kubwa, mtoto wangu alikuwa haamshwi na sauti yenyewe, alikuwa anaamshwa na ile kuruka ghafla kutoka kimya mpaka kelele. Kwa app ya simu, ambayo namba yake siiamini ila kwa kulinganisha inafaa, nikiweka simu kwenye mto wakati wa kurenda nilikuwa napata desibeli 51, sasa napata 38, na feni la dari likiwa linazunguka sisikii kitu. Joto la prosesa ni nyuzi 79.

Vumbi ndo linadai uangalizi. Nyuma ya ule wavu niliweka soksi ndefu ya kike, ile nyembamba, nimeivuta kwenye fremu ya waya, na kila Jumamosi ya pili naitoa naifua. Mwezi wa saba niliacha wiki tano kwasababu ya msimu wa harusi, feni zikawa zinapanda mapema na mke wangu ndo aliyegundua kabla yangu, akaniuliza mbona imeanza tena. Nikaitoa ile soksi ilikuwa ya kahawia kabisa.

Kilichobaki sasa ni mkwaruzo wa diski yenyewe ikiandika faili kubwa, tyubu haiwezi kuuzima. Nikipata SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kubwa na ya bei nzuri, kazi zote zinazoendelea zitakaa huko, diski nitaichomeka asubuhi tu kuhifadhi zilizokwisha.