Nilivyotoka F ya hesabu mpaka C nikiwa saidia fundi

Mi hesabu nilipata F fomu foo na wala sikushangaa, kwenye pepa nilijibu maswali matatu, mengine nikachorachora tu muda uishe. Miaka minne baadae chuo nilichokua nakitaka kinadai angalau D ya hesabu, ikabidi nirisiti. Hela ya twisheni sina, mchana niko saiti hapa Morogoro nabeba zege, usiku ndo nafungua daftari huku nasinzia.

Aliyenifungua kichwa ni fundi wangu. Siku hiyo tunaseti msingi, kamba mbili zimekutana kwenye kona, akaweka alama futi 3 kamba hii, futi 4 kamba ile, akasema dogo shika tepu hapo. Ikasoma futi 4 na inchi 10. "Kona imebana, sogeza kamba nje kidogo." Nikasogeza, bado, nikasogeza tena mpaka ikasoma 5 kamili ndo akagonga kigingi. Nikamuuliza fundi, hii si ndo Pythagoras, ile kanuni ya pembetatu ya darasani? Akaniangalia, "Ndo nani huyo, anajenga wapi?"

Usiku nikarudia lile swali la ngazi, ngazi ya mita 10 imeegemea ukuta, chini iko mita 6 kutoka ukutani, inafika juu mita ngapi. Miaka yote nachukua 10 mara 10 ni 100, najumlisha 6 mara 6 ni 36, napata 136, mzizi wake 11.66 hivi, naandika nasonga mbele. Sasa ngazi ya mita 10 inafikaje mita 11 na ushee, imeota miguu?? Yani sijawahi kujiuliza! Upande mrefu ni ule unaotazamana na kona, pale tunaposhika tepu, kwa hiyo ngazi ndo tepu yenyewe, 100 toa 36 ni 64, jibu mita 8. Toka hapo kila namba naiuliza kwanza wewe ni ya nini.

Asilimia nilidhani naziweza, kumbe wapi. Nimenunua rangi risiti inasoma 59,000 na VAT humohumo, mwenye nyumba akataka ajue bila kodi ni shingapi. Nikatoa simu, 18% ya 59,000 ni 10,620, nikatoa, nikamwambia kwa kujiamini kabisa 48,380 bosi. Yule baba ni mhasibu, akacheka, "Kijana, hiyo 18 ni asilimia ya nini?" Nikakaa kimya. Kumbe ni ya bei kabla kodi haijaingia, sio ya hii ambayo imeshavimba. 59,000 ni asilimia 118, gawa kwa 118 unapata 500, zidisha mia, 50,000. Ukipiga 18% ya 50,000 inakuja 9,000, inatimia bila chenji. Swali la bei imepanda 20% af ikashuka 20% nalo ni hilohilo, hairudi palepale, mia inakua 120 af inashukia 96 maana 20% ya pili ni ya 120.

Probabiliti ndo ilinitesa mpaka nikataka kuiacha, ila mimi na ludo sasa. Nilikua najua kabisa nikirusha dadu mara tatu nafasi ya kupata sita ni nusu, si 1/6 mara tatu. Binti wa mwenye nyumba nilipopanga, yuko fomu three, akaniuliza, "Anko, kwa hiyo ukirusha mara sita lazima itoke? Mbona jana umekaa ndani mpaka tumemaliza?" Akanionesha nihesabu ya kukosa kwanza: 5/6 mara 5/6 mara 5/6 ni 125/216. Kinachobaki mpaka kufika moja, 91/216, ndo nafasi ya kupata angalau sita moja, kama 42% hivi. Tangu hapo nikiona "angalau" naanza na kukosa, af natoa kwenye moja.

Novemba nikaingia na mpango wangu, sehemu A maswali 10 ya maksi sitasita nipambane nayo yote, sehemu B nianze na ninayoyajua, maana D inaanzia 30 tu. Ilitoka C. Fundi nilipomwambia akauliza kesho nakuja saa ngapi, kuna plasta. Vekta mpaka leo sizielewi, msiniulize.