Pesa ya madera, nauli ya wavuvi

Mwaka wa tatu huu kila mwezi natoa shilingi 2,000 kwa faida ya madera naziweka kando, na hiyo haiguswi hata biashara ikilala. Ni pesa ya kupigania mazingira yetu, hii bahari na hili joto. Mamangu alipojua aliniuliza, "Mwanangu, na ada ya watoto je?" Ada nalipa mama, lakini hawa watoto nawasomesha waje waishi wapi?

Yote yalianza kwa babangu. Baba ni mvuvi wa hapa Tudor, Mombasa, na mwaka 1998 nlikuwa mdogo lakini nakumbuka alivyorudi nyumbani akisema matumbawe yamekuwa meupe kama chokaa, ile El Niño ilipasha bahari moto mpaka matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa, na mvua zake zikashusha tope kule Mwache likafukia ile mizizi ambayo mikoko hupumulia, mikoko ikafa imesimama vile vile. Sai baba anasema hata upepo wa kusi haujui tena lini utaanza, na mtu aliyekaa baharini miaka arobaini akikwambia hivo unamskiza.

Basi mwaka wa kwanza pesa yote nliipeleka kwa kupanda mikoko. Tulinunua mbegu zile ndefu kama maganda ya mlonge, tukangoja maji yatoke, tukachomeka kwenye tope mbele kabisa, upande wa bahari, mimi na kina mama wenzangu, miguu imezama mpaka magotini. Bamvua mbili tu, yale maji makubwa, karibu zote zimekwenda, nyingine zimelaliwa na mifuko na chupa za plastiki. Niliumia wallahi. Mzee mmoja alikuja akatwambia, "Hapo mbele ni pa mlilana, mkoko wakaa nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi." Kumbe hiyo yote ni mikoko ya aina tofauti, kila aina na mahali pake. Tuliporudia kwa maneno yake zilishika, na bado zipo, nikipita hapo naenda kuziangalia. Kule Gazi, Kwale, wenzetu tangu 2013 wanalinda mikoko yao na kuuza krediti za kaboni, yaani wanalipwa kwa ile hewa chafu ambayo mikoko inanyonya, pesa inaingia kwa maji ya kijiji na vitabu vya shule, kwa hivyo kupanda sikuachi.

Lakini pesa ambayo naona ilifanya kazi kubwa zaidi si ya miche, ni ya nauli.

Kulikuwa na mradi karibu na mkono huu wetu wa bahari na kikao cha kuchukua maoni ya wananchi kikawekwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, mjini. Tangazo kwa gazeti. Sasa mvuvi gani ananunua gazeti, na akiacha kwenda baharini siku hiyo nyumbani wanakula nini? Na ripoti yenyewe ya mradi kurasa mia na kitu, Kiingereza kitupu. Nikatoa ile pesa ya miezi miwili, nikafanya fotokopi ya zile kurasa zinazotuhusu, kijana mmoja anayesomea sheria akakaa na wazee jioni mbili akawaeleza kwa Kiswahili, halafu nikalipa matatu na chai ya asubuhi ya watu 18. Waliongea wenyewe. Baba alisimama akataja mazalio ya samaki moja moja, na kila jina likaandikwa. Kikao cha pili kililetwa kijijini, jioni.

Kuna walionambia nahonga watu. Hilo nalijibu bila hasira manake ni swali la haki: sikumwambia mtu aseme nini, na wawili kati ya wale 18 waliunga mkono mradi wakasema wanataka kazi kwa watoto wao, na hao pia nauli yao nlilipa mimi.

Na msidhani kikao ni mambo madogo. Ile stesheni ya umeme wa makaa ya mawe iliyotakiwa kujengwa Lamu, megawati 1,050, ilikuwa na leseni tayari, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la kusikiza rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) likaifuta, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Lamu walienda, wakarudi, wakaenda tena miaka na miaka, na kila safari kuna boti na basi la kulipia. Katiba yetu kifungu cha 70 inasema mtu yeyote aweza kwenda kortini kudai mazingira safi bila hata kuthibitisha kuwa yeye ameumia. Mlango upo wazi, ila kufika mlangoni ni nauli.

Marekani kuna tajiri anaitwa Tom Steyer, aliacha kampuni ya uwekezaji aliyoianzisha mwenyewe akaingia kupigania tabianchi, na uchaguzi wa 2014 alitumia zaidi ya dola milioni 70 za mfukoni mwake kuunga mkono wagombea, wengine wakashinda wengine wakaanguka. Namheshimu kwa kutoa chake. Lakini pesa kama ile inaenda kwa matangazo, na sisi huku tunao watu ambao tayari wanajua bahari inavyobadilika, hawahitaji kutangaziwa, wanahitaji kufikishwa kwenye kiti mbele ya maikrofoni.

Mwezi ujao kuna kikao kingine, safari hii wavuvi wa Mikindani nao wanataka kuja. Nimehesabu, nauli yatosha watu 22, na wameshajiandikisha 31. Hao tisa nawatafutia.