Kwaresima yangu ya kwanza kufika mwisho

Tangu nihamie Dar es Salaam kutoka Songea nilikuwa nimejaribu kufunga Kwaresima mara tatu, na mara zote niliishia njiani. Napakwa majivu, naapa kuacha bia, wiki ya pili rafiki ananiita "tupate moja tu", basi, hadi mwakani. Nilikuwa nafunga kimyakimya, kwa hiyo hata nikishindwa sikuwa na mtu wa kumwonea aibu.

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5. Baada ya Misa ya jioni natoka kwa mlango wa pembeni, kama kawaida yangu, mama mmoja akanisimamisha.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kijana, unasali jumuiya gani?"

Mkatoliki wa Tanzania anajua uzito wa swali hilo; jumuiya ni kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja. Ukitaka kufunga ndoa au kubatiza mtoto, parokiani wataanzia hapohapo. Nikababaika. Akaniuliza ninakaa mtaa gani, nikamwambia, akacheka: "Kumbe jirani! Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakupitia."

Nikajua ni maneno ya mlangoni tu. Jumamosi, giza halijaisha, dirisha likagongwa.

Tulikuwa watu kama kumi na watano, kwenye viti vya plastiki nje ya nyumba ya mtu. Hakuna aliyeniuliza miaka yote hiyo nilikuwa wapi. Nilipewa Biblia nisome somo, na mwisho katibu akafungua daftari lake. Kila Jumatano ya Kwaresima walikuwa wakifanya Njia ya Msalaba, sala ya kupita kwenye picha za vituo kumi na vinne vya mateso ya Yesu, nyumba kwa nyumba. "Wiki ya tatu bado iko wazi," akasema, na macho yote yakanigeukia.

Mimi nimepanga chumba kimoja na nina kiti kimoja. Mama mwenye nyumba ni Mwislamu, na Ramadhani ilikuwa imeshaingia. Nilimfuata nikiwa nimejiandaa kukataliwa.

"Wanakuja wangapi?" akauliza.

"Labda ishirini, mama."

"Watakalia nini?"

Sikuwa na jibu. Akaingia ndani akatoka na mikeka miwili.

Siku yenyewe tukagundua kwamba vituo kumi na vinne vinataka mahali kumi na nne, na uwanja wetu una kuta tatu. Picha moja tuliibandika kwenye mwembe, nyingine kwenye tangi la maji. Niliyoiweka kwenye mlango wa choo katibu aliibandua bila kusema neno, akaibana kwa kibanio kwenye kamba ya nguo. Ilikuwa kituo cha kumi, Yesu anavuliwa nguo. Hakuna aliyepanga, lakini tulipofika pale, shati langu la kazini likiwa linaning'inia pembeni ya picha, sauti ya msomaji ilikwama kidogo.

Kabla ya hapo, tukiwa kituo cha tano, cha Simoni wa Kirene, adhana ya magharibi ililia. Mama mwenyekiti wa jumuiya alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani, tukasimama kimya mpaka muadhini alipomaliza. Tulipomaliza na sisi, mama mwenye nyumba akaleta sinia la magimbi na uji wa pilipili manga. Baadhi yetu tulikuwa tumefunga siku hiyo. Tukafuturu kwake.

Kuhusu bia: kila jioni ambayo ningekunywa niliweka shilingi 2,500 kwenye kopo. Niliteleza mara mbili, na safari hii nikamwambia mwenyekiti. Akasema, "Kesho unaanza tena," akaendelea kupepeta mchele wake. Pesa za kopo zilinunua unga, sabuni na mafuta ya kula, tukampelekea mzee mmoja wa jumuiya aliyepooza. Alituweka saa nzima akitusimulia ujana wake, na nadhani hayo mazungumzo aliyahitaji kuliko unga.

Chakula hakikunisumbua. Kufunga kwa kula mlo mmoja tu kamili kunadaiwa siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kuacha nyama Ijumaa si kazi kwa mtu ambaye maharage ndiyo mboga yake ya kila siku. Wapo wanaoacha nyama halafu wanaagiza samaki wa kukaanga anayezidi sahani. Hao nawaachia padre wao.

Mkesha wa Pasaka, Aprili 19, nilirudi usiku sana na nta ya mshumaa imenigandia kwenye mkono wa shati. Kesho yake nilipika pilau, nikalirudisha sinia la mama mwenye nyumba likiwa limejaa. Akafunua, akanusa, akanishukuru.

"Na mikeka yangu?"

Ilikuwa imehamia nyumba ya wiki ya nne, kisha ya tano. Nikampigia katibu simu. Akasema ngoja aangalie kwenye daftari.